Kitanda Kimehesabiwa, Mgonjwa Je?

Wahenga walisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hiyo hunijia kila ninapoona nchi za dunia zimepangwa safu kwa safu, kila moja na namba yake, ili ijulikane ni ipi inayowapatia wananchi wake huduma za lazima za afya na ni ipi iliyobaki nyuma. Vitanda vya hospitali vimehesabiwa, madaktari wamehesabiwa, chanjo zimehesabiwa. Msomaji mwenye kufikiri hana budi kuuliza swali moja zaidi: aliyekilalia kitanda kile ameulizwa habari za kunguni?

Pengine ndugu msomaji utasema kwamba mambo haya ni ya wataalamu na mawaziri, wala hayana nafasi katika ukurasa wa mambo ya nyumbani. Nakuomba uvumilie kidogo. Kila namba ya afya huanzia nyumbani, kwa mama aliyejifungua, mtoto aliyekohoa, mzee aliyepanda shinikizo la damu. Tena kila namba hurudi nyumbani, kwa kuwa ndiyo inayotazamwa na wenye mamlaka na wenye fedha wanapoamua dawa zipelekwe wapi na mkunga apangwe wapi. Namba ikikosea, nyumba hukosa.

Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Buyenzi hapa Bujumbura. Nimefundisha hesabu watoto wa shule ya msingi kwa miaka mingi, kwa hiyo sina uadui na namba. Nazipenda kama mwashi anavyoipenda timazi yake. Lakini mwashi mwema huitazama timazi kwanza kabla ya kuusifu ukuta. Basi leo nataka tuitazame timazi hii inayopima afya ya mataifa, tujue imetengenezwaje, inaona nini na haioni nini.

Habari yenyewe si changa. Mwezi Septemba 1978 wajumbe wa mataifa walikutana Alma-Ata, katika nchi ambayo siku zile ilikuwa sehemu ya Umoja wa Kisovieti na leo ni Kazakhstan, wakatangaza kwamba afya ni haki ya kila mtu, wakaweka shabaha ya afya kwa wote ifikapo mwaka 2000. Mwaka 2000 ukafika, ukapita. Sisi wa Burundi ulitukuta katikati ya vita vilivyoanza mwaka 1993, na wengi wetu hatukuwa na nafasi ya kuuliza ahadi ile imeishia wapi. Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ukaweka malengo mapya ya kufikiwa mwaka 2030, na safari hii ikakubaliwa kwamba ahadi bila kipimo ni maneno matupu. Hapo ndipo Shirika la Afya Duniani na Benki ya Dunia walipotengeneza kipimo cha alama kuanzia 0 hadi 100, kinachotumika kwa kila nchi, tajiri na maskini.

Kipimo hicho, kama kilivyoelezwa katika ripoti yao ya mwaka 2023, kilikuwa na viashiria 14 vilivyogawanywa katika mafungu manne. Fungu la kwanza ni la mama na mtoto: uzazi wa mpango, kuhudhuria kliniki ya wajawazito mara nne au zaidi, chanjo ya dondakoo, pepopunda na kifaduro, na kumpeleka mtoto penye matibabu anapoonyesha dalili za nimonia. Fungu la pili ni la maradhi ya kuambukiza: kifua kikuu, dawa za virusi vya ukimwi, vyandarua vyenye dawa, na vyoo safi. La tatu ni la maradhi yasiyoambukiza: shinikizo la damu, kisukari na uvutaji wa tumbaku. La nne ni la uwezo wa huduma zenyewe: vitanda, waganga na wauguzi, na utayari wa nchi kukabili magonjwa ya dharura.

Wastani wake nao si ule tuliouzoea, na kwa kuwa nimekuwa mwalimu wa hesabu, niruhusuni nieleze. Chukua alama mbili, 90 na 10. Ukizijumlisha na kugawa kwa mbili, unapata 50, na mtu ataridhika. Wataalamu wale hawakufanya hivyo. Huzizidisha, 90 mara 10, wakapata 900, kisha wakatafuta kipeuo cha pili, nacho ni 30. Hamsini imeshuka hadi thelathini! Maana yake ni kwamba nchi iliyofanya vizuri sana katika chanjo haiwezi kuificha aibu yake katika kisukari. Kila mama anaijua kanuni hii jikoni, kwani sufuria iliyojaa maji yanayochemka haifanyi ugali ikiwa unga ni kiganja kimoja.

Kwa hesabu hiyo dunia nzima ilikuwa na alama 45 mwaka 2000, ikafika 68 mwaka 2021. Burundi na majirani zake, Rwanda, Tanzania, Uganda, Kenya na Kongo, wote walikuwa chini ya wastani huo wa dunia. Ripoti ikasema kwamba watu wapatao bilioni 4.5 walikuwa bado hawajafikiwa kikamilifu na huduma za lazima. Namba hizo si za kubeza. Lakini zinatoka wapi?

Sehemu kubwa hutoka katika majumba yetu. Katika utafiti wa idadi ya watu na afya uliofanywa hapa nchini mwaka 2016 hadi 2017, wauliza maswali walipita mitaani na milimani, na nyumba yetu ilikuwa mojawapo ya zile zilizochaguliwa. Mkamwana wangu aliulizwa faraghani, kama inavyotakiwa, na jioni akanisimulia. Alishangazwa na jinsi maswali yalivyokuwa madogo madogo: ulipokuwa mjamzito ulikwenda kliniki mara ngapi? Mimba ilikuwa ya miezi mingapi ulipokwenda mara ya kwanza? Ulipimwa shinikizo la damu? Ulitolewa damu? Ulitoa mkojo? Akaniambia, "Mama, nilidhani wanataka kujua kama nilikwenda. Kumbe wanataka kujua nilifanyiwa nini."

Nikamwambia kwamba ameona jambo kubwa. Matokeo ya utafiti ule yalipotoka, ilionekana kwamba karibu wajawazito wote wa Burundi, asilimia 99, walihudumiwa na mtu mwenye ujuzi angalau mara moja. Mtu akisimama hapo, atapiga vigelegele. Lakini waliohudhuria mara nne au zaidi walikuwa asilimia 49 tu, pungufu ya nusu. Nchi ni ile ile, akina mama ni wale wale na mwaka ni ule ule, ila ukiuliza swali moja unapata sherehe, ukiuliza jingine unapata kazi ya kufanya. Tena mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipandisha idadi inayoshauriwa kutoka mara nne hadi mara nane. Kwa hiyo anayetaka kujua ukweli wa kipimo chochote, na aanze kwa kuuliza: swali lilikuwa lipi?

Chukua vilevile habari ya umbali. Kwa miaka mingi imesemwa katika mipango ya afya ya nchi yetu kwamba wananchi wapatao asilimia 80 wanaishi ndani ya kilomita 5 kutoka kituo cha afya. Kwa sisi wa mjini, kilomita 5 ni safari ya basi. Mtu atoke Buyenzi, avuke mto Ntahangwa, afike Kamenge yenye hospitali kubwa ya Chuo Kikuu, na hata akikosa basi kwa ajili ya uhaba wa mafuta uliotusumbua miaka ya karibuni, atatembea barabara iliyo sawa. Milimani si hivyo. Burundi ni nchi ya milima, na kilomita 5 za ramani ni mstari ulionyooka kama wa ndege, ilhali mjamzito hana mbawa. Yeye hushuka bonde, huvuka kijito, hupanda mlima wa pili. Akizidiwa, hubebwa na majirani wanaume wanne kwa machela ambayo Warundi huiita ingobyi, na kama ni usiku wa mvua, jirani hao lazima kwanza wapatikane. Kilomita hizo tano hazina bei moja kwa kila mtu.

Mtaalamu mmoja aliyeitwa Tanahashi aliliona jambo hili mapema. Katika mwaka ule ule wa Alma-Ata, 1978, aliandika katika jarida la Shirika la Afya Duniani kwamba huduma huwa na ngazi tano. Kwanza, ipo? Pili, inafikika? Tatu, inakubalika kwa watu, pamoja na gharama yake? Nne, mtu ameifikia kweli, akakutana nayo? Tano, ilipomfikia ilimfaa? Katika kila ngazi wako wanaodondoka, na mwenye kuhesabu ngazi ya kwanza peke yake hawezi kuwaona. Sijapata kusoma maneno yanayoieleza habari ya wifi yangu vizuri kuliko hayo, ingawa mwandishi wake hakupata kumjua.

Wifi yangu, mke wa kaka yangu, alikuwa akikaa katika milima inayoutazama mji wa Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika. Mwaka 2004 alishikwa na uchungu wa uzazi siku mbili, mtoto asitoke. Akabebwa hadi barabarani, akaletwa Bujumbura, akapasuliwa. Mtoto alipona, na mama akapona. Hadi hapo kila ngazi ya Tanahashi aliipanda: huduma ilikuwapo, ilifikika japo kwa taabu, ilimfaa. Katika daftari la hospitali bila shaka aliandikwa kuwa ni mzazi aliyejifungua kwa mikono ya wataalamu, na hiyo ni kweli tupu.

Lakini siku zile gharama zote zilikuwa juu ya mgonjwa, na kaka hakuwa na fedha hizo. Wifi hakuruhusiwa kuondoka. Nilipokwenda kumwona, akiwa amempakata mtoto, aliniambia kwa sauti ya chini, "Wifi, mimi nimepona, sasa nimefungwa." Mlinzi alikuwa mlangoni. Chakula tulimpelekea sisi kutoka Buyenzi, zamu kwa zamu, mimi na majirani zangu, kwa kuwa hospitali haikumpa. Alikaa majuma matano baada ya kidonda kufunga. Alitoka siku kaka alipouza shamba dogo la michikichi alilorithi kwa baba yetu, nami nikaongeza kilichopungua kutoka katika mshahara wa mwalimu. Shamba lile halikurudi. Watoto wa kaka wamekua wakinunua mafuta ya mawese katika nchi ya mawese.

Naomba msomaji asidhani kwamba hayo yalitupata sisi peke yetu. Mwezi Septemba 2006 shirika la Human Rights Watch, pamoja na chama cha haki za binadamu cha hapa hapa Burundi, lilitoa ripoti juu ya wagonjwa maskini waliozuiliwa katika hospitali zetu kwa ajili ya madeni, wengi wao wakiwa ni akina mama waliojifungua kwa kupasuliwa. Basi hebu tufikiri pamoja. Katika kipimo kile cha ripoti ya 2023, nchi yenye vitanda 18 kwa kila watu 10,000 ilipewa alama kamili za vitanda. Kitanda alichokilalia wifi yangu katika majuma yale matano kilikuwa kitanda, nacho kilihesabika. Kipimo hakikuuliza kwa nini aliyepona alikuwa bado yumo ndani.

Waliotengeneza kipimo hawakuwa vipofu. Walijua kwamba huduma inayomfilisi mtu ni nusu huduma, kwa hiyo wakaweka kipimo cha pili kando ya kile cha kwanza, kinachotazama mfuko. Katika malengo ya 2015 waliuliza: ni watu wangapi ambao nyumba zao hutumia zaidi ya asilimia 10 ya matumizi yote kwa matibabu? Ripoti ya 2023 ilisema kwamba watu wapatao bilioni 2 duniani walipata dhiki ya fedha kwa ajili ya matibabu mwaka 2019. Kwa kipimo hicho nyumba ya kaka yangu ingeonekana waziwazi.

Hata hivyo nacho kina pazia lake. Fikiria nyumba mbili zinazopakana, kila moja ina mtoto mwenye homa kali. Mama wa kwanza anauza cherehani, anampeleka mtoto hospitali, mtoto anapona. Mama wa pili hana cha kuuza. Anachemsha majani, anamfunika mtoto kwa kanga, anangoja mapenzi ya Mungu. Anapokuja mwenye kuhesabu fedha, nyumba ya kwanza inaandikwa kuwa imepata dhiki, na ya pili, kwa kuwa haikutumia hata faranga moja, inaandikwa kuwa imesalimika. Kwa hiyo vipimo hivi viwili, cha huduma na cha mfuko, yafaa visomwe pamoja kama macho mawili. Mwenye kufumba jicho moja ataambiwa kwamba nyumba ile ya pili haina tatizo, na huenda mtoto amekwisha zikwa.

Sitaki kusema kwamba hakuna kilichobadilika, kwa maana hiyo ingekuwa dhuluma. Mwezi Mei 2006 serikali ilitangaza kwamba matibabu ya watoto walio chini ya miaka mitano na uzazi, pamoja na upasuaji wa uzazi, vitakuwa bure katika vituo vya umma. Uganda ilikuwa imefuta malipo katika vituo vya serikali mwaka 2001, na Kenya nayo ikafanya uzazi kuwa bure katika hospitali za umma mwaka 2013. Hapa kwetu vituo vilifurika siku za kwanza, wauguzi wakalemewa, dawa zikaisha. Kuanzia mwaka 2010 utaratibu wa kuvilipa vituo kulingana na kazi waliyoifanya ukaenezwa nchi nzima. Na namba zikasema yake: waliojifungulia katika vituo vya afya walikuwa asilimia 60 katika utafiti wa 2010, wakawa 84 katika ule wa 2016 hadi 2017. Vifo vya akina mama vilivyokadiriwa kuwa 500 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai vikashuka hadi 334. Nyuma ya tofauti hiyo wako akina mama walio hai, wanaopika chakula cha jioni wakati ninapoandika haya.

Wifi yangu alizaa tena mwaka 2008, akarudi nyumbani siku ya tatu. Hakuna aliyemzuia mlangoni.

Lakini mlango uliofunguliwa ni wa mama na mtoto. Mtoto akivuka miaka mitano, mlango hupungua upana. Kaka yangu sasa ana kisukari, na habari yake ni tofauti na yangu, ingawa tumenyonya ziwa moja. Mimi, kwa kuwa nilikuwa mtumishi wa serikali, niliandikishwa katika mfuko wa bima wa watumishi ulioanzishwa mwaka 1980, nami nilipougua nililipa sehemu ndogo tu ya gharama. Yeye mkulima alikuwa na kadi ya msaada wa matibabu, ile iliyoanzishwa mwaka 1984 na kufufuliwa mwaka 2012 kwa ajili ya wasio na mshahara. Kadi ni njema, lakini kadi haiyeyuki ikawa dawa. Mara nyingi amefika akaambiwa dawa imekwisha, aende akanunue dukani. Na dukani kadi haijulikani. Mtoto wa mama mmoja, nchi moja, maradhi ya familia moja: tukiwekwa katika wastani, mimi na yeye tunatoka mtu mmoja mwenye afya ya kadiri. Mtu huyo hayupo. Nipo mimi mwenye dawa, na yupo yeye asiye nayo.

Hilo ndilo ninalotaka tulikumbuke tunapoonyeshwa namba ya nchi yetu kando ya namba za majirani. Namba ya nchi ni mlango wa swali. Ikiwa ndogo, haitoshi kuinamisha kichwa. Tuulize ni kiashiria gani kilichotuangusha, ni mkoa upi, ni mlima upi, ni watu wa kipato gani. Ikiwa kubwa, vilevile tusilewe; tuulize ni nani aliyeachwa nje ya hesabu. Na ikiwa jirani ametushinda, yafaa twende tukajifunze alifanyaje, kama vile mke mwema asivyoona haya kumwuliza shoga yake jinsi alivyopika.

Sisi wa majumbani nasi tuna sehemu yetu katika kazi hii. Kwanza, tuyatunze makaratasi. Kadi ya kliniki ya mjamzito na ya chanjo ya mtoto zisifungiwe sukari wala zisiachwe kwa panya, kwa sababu mwuliza maswali akifika ndizo zitakazosema kweli wakati kumbukumbu imesahau. Pili, kila nyumba iwe na daftari dogo la maradhi: tarehe, aliyeugua, alikopelekwa, kilicholipwa, dawa iliyokosekana, na hasa siku ambayo mtu aliugua asipelekwe popote, pamoja na sababu yake. Mstari huo wa mwisho ndio usioandikwa katika daftari la hospitali yoyote. Tatu, tukiulizwa, tujibu kweli, tusitaje kliniki nne ikiwa zilikuwa mbili kwa kuogopa kuonekana wavivu. Mficha maradhi, kifo humuumbua; na mficha hesabu humficha pia anayeugua. Nne, mwenye mimba aanze kliniki mapema, asingoje tumbo lionekane.

Na kwa wale waliopewa dhamana ya kuhesabu, ombi langu ni dogo. Mkiisha hesabu walioingia, mhesabu na waliorudishwa, na waliotoka wakiwa mafukara, na wale ambao hawakuja kabisa. Hao wa mwisho hawatawafuata ofisini. Itawabidi ninyi mpande mlima mkawaulize.